Basi Halilali: Fundi Atakaza Nati Saa Ngapi?

Tangu mwaka 2023, Serikali ya Tanzania ilipoondoa marufuku ya mabasi ya masafa marefu kusafiri usiku, marufuku iliyokuwapo tangu miaka ya 1990, mjadala umekwenda njia mbili tu. Wanaounga mkono wanasema abiria anaokoa siku nzima ya kazi na barabara za leo si zile za enzi za majambazi. Wanaopinga wanasema dereva atasinzia. Hoja zote mbili zina uzito, na zimejadiliwa vya kutosha. Ambaye hakutajwa popote ni fundi. Usiku ule ambao basi lilikuwa limeegeshwa Mbeya, Mwanza au Dar es Salaam ndio uliokuwa mchana wa gereji. Milango ya usiku ilipofunguliwa kwa abiria ilifungwa kwa fundi, na hakuna aliyekaa chini kumtafutia saa nyingine.

Kwa hiyo tunaposikia kwamba matengenezo ya mabasi yanafanywa harakaharaka, na kisha kidole kinaelekezwa kwa fundi mvivu, fundi kishoka au fundi mwenye tamaa, nadhani tunasoma ugonjwa vibaya. Mafundi wa aina hiyo wapo, tena si wachache. Lakini shinikizo la kumaliza kazi kabla haijaisha linatoka kwenye ratiba. Dereva tunamhesabia saa: safari ikizidi saa nane hutakiwa madereva wawili. Mwendo tunauhesabu: mfumo wa LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, wa kufuatilia mabasi, VTS, unaona basi likivuka kilomita 80 kwa saa. Saa za gereji hazihesabiwi na mtu yeyote.

Tuchukue mfano wa basi la Dar es Salaam hadi Mbeya, takriban kilomita 830. Zamani liliondoka saa 12 asubuhi, likafika mnamo saa 1 usiku, likasubiri hadi saa 12 asubuhi ya kesho yake. Hizo ni saa 11 za kusimama kila siku, kilomita 24,900 kwa mwezi. Sasa basi hilohilo likifika saa 1 usiku na kugeuza saa 5 usiku, mzunguko wa safari moja unakuwa saa 17 badala ya 24. Kwa mwezi litakwenda karibu kilomita 35,000. Oili iliyokuwa ikibadilishwa kila kilomita 10,000, yaani kila siku 12, sasa inadaiwa kila siku 8 na nusu. Na lainingi za breki (vipande vinavyosugua dramu ili gurudumu lisimame), beringi, bushi na tairi zinakwenda kwa mwendo huohuo. Wakati huo saa za kusimama zimeshuka kutoka 330 kwa mwezi hadi 170 hivi. Kazi imeongezeka kwa asilimia 40, muda wa kuifanya umekatika nusu. Si kila kampuni inaendesha hivi, na zipo zenye mabasi ya akiba, lakini hesabu ya anayetaka kulipa mkopo wa basi jipya huelekea huko.

Na hata hizo saa 170 zinadanganya, kwa sababu zimekatwakatwa. Kati ya saa nne za kugeuza, abiria washuke, mizigo itolewe, basi lioshwe, mizigo mipya ipangwe: fundi anabaki na saa mbili akibahatika. Kubadilisha lainingi za ekseli moja ya nyuma ni kazi ya saa tatu hadi nne kwa mafundi wawili, na hapo nati hazijashikwa na kutu na spea zipo mkononi. Kazi ya namna hii haigawanyiki. Huwezi kufungua dramu Mbeya ukaifunga Dar. Ndiyo maana hasara kubwa iko kwenye kipande kimoja kirefu kilichopotea, kile cha saa 11 mfululizo, kuliko jumla ya saa.

Lugha ya kazi yenyewe inaeleza mengi. Katika biashara ya usafirishaji, gari likiwa gereji husemwa "limelala", na gari lililolala ni gari ambalo halijaleta hesabu, yaani fedha anayodai mwenye gari. Tajiri hupiga simu kuuliza litaamka lini. Kukaza nati, kusubiri silikoni ikauke, kupima safari ya fimbo ya breki, vyote vinaingia kwenye safu ileile ya hasara pamoja na gari lililokamatwa polisi. Hakuna neno la kusema kwamba gari liko gereji na linazalisha.

Fundi akibanwa hakimbizi mikono sawasawa katika kila hatua. Anaruka hatua ambazo hazionekani kazi ikishafungwa. Hawezi kuacha kufunga gurudumu. Kila mtu ataliona. Anaweza kuacha kusafisha uso wa habu, kitovu kinachobeba gurudumu, anaweza kuacha kupima mkazo, anaweza kuacha kukagua upande wa pili ambao haukulalamikiwa, anaweza kuacha kulijaribu gari barabarani kabla ya kulitoa. Gari lililofanyiwa hatua zote na lililorukwa nusu yake yanatoka getini yakiwa na sura moja. Na kosa halirudi kwake. Linajitokeza siku nne baadaye, mkoa mwingine, mikononi mwa fundi mwingine ambaye naye atalaumiwa.

Nati za magurudumu ni mfano mzuri kwa sababu zinaonekana kazi rahisi. Nati za M22 za magari makubwa hukazwa kwa mkazo wa niutonimita (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) 600 na zaidi kidogo, kutegemea mtengenezaji. Kulinganisha, Toyota ndogo ni 103 tu. Stadi, ile bolti inayopokea nati, ikikazwa hurefuka kidogo, kama mpira unaovutwa, na mvuto huo ndio unaobana gurudumu kwenye habu. Sasa, kwenye magurudumu pacha ya nyuma kuna nyuso kadhaa zinazobanana: dramu na rimu ya ndani, rimu ya ndani na ya nje, rimu ya nje na nati. Kama kwenye nyuso hizo kuna kutu, matope au rangi nene ya mtu aliyetaka rimu zing'are, tabaka hilo husagika gari likitembea, stadi inarudi nyuma kwa sehemu ndogo ya milimita, na mbano unashuka bila nati kuzunguka hata robo. Baadaye rimu inaanza kucheza, tundu zinapanuka, stadi zinakatika moja moja, na zilizobaki zinabeba mzigo wa zilizokatika. Ndiyo sababu utaratibu unataka nati zikazwe upya baada ya kilomita 50 hadi 100. Kwa basi linalotoka Mbezi hiyo ni Chalinze. Ni kusimama dakika kumi na tano na spana, pale ambapo abiria wananunua maji na korosho. Lakini basi lililotoka gereji likiwa limechelewa nusu saa halisimami Chalinze.

Wengine hucheka wakimwona fundi akipanda juu ya bomba lililochomekwa kwenye spana. Hawajui wanachokicheka. Mtu wa kilo 60 akisimama kimya kwenye ncha ya bomba la mita 1 anatoa karibu niutonimita 590, ambayo haiko mbali na inayotakiwa. Tatizo linaanza akirukaruka, kwa sababu hapo hakuna ajuaye ni ngapi, na stadi iliyovutwa kupita kiasi haina tena mvuto wa kurudi. Bunduki ya upepo nayo, ambayo matajiri wengi huiona ndiyo dawa ya uchelewaji, hutoa mkazo kulingana na upepo uliopo kwenye kompresa: nati ya kwanza inakazwa na upepo kamili, ya kumi na upepo uliochoka. Ni kifaa kizuri cha kufungulia na cha kusogezea nati hadi zikae. Mkazo wa mwisho ni wa spana ya kupimia, kwa mpangilio wa kuvuka upande hadi upande.

Breki za upepo ni jambo zito zaidi, na hapa ndipo maneno "breki zilifeli" yanayofuata ajali za miteremko ya Kitonga au Sekenke yanapoficha zaidi ya yanavyoeleza. Chukua chemba ya breki, kopo ambalo upepo husukuma fimbo ya breki, ya ukubwa wa 30, inayotumika sana kwenye ekseli za nyuma. Fimbo yake ina safari yote ya milimita 64 hivi, na kikomo cha marekebisho kwa aina ya kawaida ni milimita 51. Gari likiwa baridi, uwanjani, fimbo ikitoka milimita 55, dereva akikanyaga pedali basi linasimama vizuri tu na hakuna anayehisi kitu. Likianza kushuka mlima mrefu na breki zikashikwa muda, dramu inapata moto na kupanuka, yaani inaikimbia lainingi. Fimbo inalazimika kwenda mbali zaidi kuifuata, na ikifika mwisho wa chemba, nguvu iliyobaki haisukumi kitu. Upepo upo kwenye tangi, geji inasoma sawa, pedali inakanyagika, basi halishiki. Breki hiyo haikufeli mlimani. Ilipandishwa mlimani ikiwa haina akiba.

Kuipima kunataka watu wawili, rula na chaki. Zuia magurudumu, achia breki ya maegesho, weka alama kwenye fimbo, mmoja akanyage pedali kwa upepo wa paundi 90 hivi, mwingine apime. Magurudumu yote ya basi la ekseli mbili hayazidi dakika ishirini kama kuna shimo la kuingilia chini. Kinachofanyika wakati wa haraka ni kitu kingine: fundi analala chini, anazungusha skrubu ya slaki ajasta, mkono unaorekebisha nafasi kati ya lainingi na dramu, hadi ikaze, anarudisha nyuma kidogo kwa hisia, anaenda gurudumu linalofuata. Kwa slaki za kukaza kwa mkono, mkono wa mzoefu unaweza kufika karibu. Kwa zile zinazojikaza zenyewe, ambazo ndizo zilizomo kwenye mabasi mengi ya sasa, kitendo hicho ni kibaya. Slaki ya namna hiyo ikikutwa imelegea ina maana imekufa, au bushi ya kamu imeisha, au pini zimelika. Ukiikaza kwa spana unaifuta dalili na kuuacha ugonjwa, tena kila ukiikaza hivyo unaumiza kifaa cha ndani kinachoifanya ijikaze. Baada ya siku chache imelegea tena, na safari hii basi liko mbali.

Kuna na lile la kubadilisha upande mmoja. Lainingi ya kulia imeisha, ya kushoto "bado inavumilia", muda hakuna, abadilishe ya kulia. Matokeo yake ni gurudumu moja lenye lainingi mpya isiyojikalia vizuri kwenye dramu na jingine lenye lainingi kukuu iliyoshika moto mara nyingi. Mshiko hautalingana na basi litavuta upande. Breki hubadilishwa kwa ekseli nzima, lainingi za aina moja pande zote mbili. Anayesema tofauti anazungumzia muda, hazungumzii breki.

Ugonjwa huu haukai stendi peke yake. Dereva wa teksi ya mtandaoni, Toyota IST, aliyechukua gari la mkataba anadaiwa hesabu hata siku gari liko juu ya jeki, hivyo yeye ndiye anayekaa kwenye kiti cha plastiki gereji akisema "fundi, jioni nataka kutoka". Injini ikichemka, silinda hedi inavuliwa ikiwa bado ya moto, wakati mwingine imemwagiwa maji ya baridi, na hapo ndipo inapopinda hata kama haikuwa imepinda. Uso wake unatakiwa kupimwa kwa rula iliyonyooka na filagaji, vibamba vyembamba vya kupimia mwanya. Kwa injini ya 1NZ ya Toyota, ikizidi 0.05 milimita upande wa bloku, inakwenda mashineni. Mashineni kuna foleni. Kwa hiyo hedi inapigwa msasa, gasketi mpya inawekwa, bolti zinakazwa kwa nguvu za mkono badala ya niutonimita 29 kisha nyuzi 90 kisha nyuzi 90 nyingine, kuanzia katikati kwenda nje. Sampo, beseni la oili chini ya injini, ikifungwa kwa silikoni hupaswa kuachwa si chini ya saa mbili kabla ya kumwaga oili. Inamwagiwa baada ya dakika kumi. Na kama nyongeza, thermostati inatupwa ili "injini ipoe", jambo linalowapendeza wengi kwa sababu sindano ya joto inashuka siku hiyohiyo. Wiki tatu baadaye maji yanapungua tena, dereva analipa mara ya pili, na siku alizookoa zimerudi kudaiwa na riba.

Upande wa mwenye basi unastahili kusikilizwa bila kejeli. Basi jipya limenunuliwa kwa mkopo, na benki haiulizi kama basi lilikuwa kwenye matengenezo. Safari iliyouzwa tiketi ikifutwa, abiria hamsini wamekwama, kuna kurudisha nauli na kuna mdhibiti. Tena anaweza kusema jambo la kweli linalouma: zamani mabasi yalilala usiku kucha na bado mengi yalitoka asubuhi na breki mbovu. Kulala hakukuwa kutengenezwa. Ni kweli. Saa peke yake haitengenezi gari. Lakini kutokana na hilo haifuati kwamba gari linaweza kutengenezwa bila saa. Zamani mwenye nia alikuwa na nafasi. Leo mwenye nia na asiye nayo wanabanwa na ratiba ileile.

Hoja ya pili yenye nguvu ni ya uzoefu: fundi mzuri ni mwepesi, na fundi anayechukua siku mbili kwa kazi ya nusu siku hajui kazi. Hapa tutofautishe wepesi wa aina mbili. Upo wepesi wa maandalizi: spea zimefika kabla ya gari, breki shuu nyingine (vyuma vinavyobeba lainingi) zimeshagongwa ribiti zinasubiri rafuni, jeki mbili, shimo, taa ya kutosha. Huo unaondoa kusubiri bila kuondoa hatua hata moja. Upo na wepesi wa kuruka. Kwa anayesimama nje na saa mkononi ni kitu kimoja, na mwenye gari anayelipa kwa kazi badala ya muda hana sababu ya kuutofautisha.

Dhaifu kuliko zote ni hoja mbili ambazo ndizo zinazosikika zaidi. Ya kwanza: basi lilikaguliwa na trafiki asubuhi, likaonekana zima. Askari wa stendi anaona tairi, taa, wipa, mikanda, kioo kilichopasuka. Hafungui dramu, hapimi fimbo kwa milimita, na hakuna jicho linaloweza kutofautisha nati ya niutonimita 300 na ya 600. Ukaguzi wa dakika tano una faida yake, lakini unakagua kile hasa ambacho haraka haikigusi. Ya pili: fundi mwenye msimamo akatae. Akatae, halafu? Analipwa kwa kazi iliyotoka. Akikataa, gari linavuka barabara kwenda gereji ya jirani, na pale atakuta deiwaka asiye na cha kupoteza ambaye atamaliza kwa saa moja na kupewa nusu ya bei. Kumwambia mtu huyo kwamba haraka haraka haina baraka ni kumhubiria asiyeshika saa. Methali ile inamsema mwenye haraka, haimsemi anayemharakisha.

Kama shinikizo linatoka kwenye ratiba, kinachopaswa kuguswa ni ratiba. Leseni ya njia hutolewa pamoja na ratiba ya kuondoka na kufika. Inaweza pia kudai kipande kimoja cha saa zisizopungua nane mfululizo gereji kwa kila kiasi fulani cha kilomita, na basi la akiba kwa kampuni inayotaka kuendesha saa 24. Gharama ya hilo itaingia kwenye nauli, ni bora isemwe wazi. Na uthibitisho wake hauhitaji askari wapya. VTS inayojua basi limekwenda kilomita 92 kwa saa pale Dumila inajua vilevile kwamba basi hilo halijasimama mahali pamoja zaidi ya saa tatu kwa siku sita. Basi la namna hiyo haliwezi kuwa limebadilishwa lainingi za ekseli mbili, hata karatasi zake ziandike nini. Taarifa hiyo tayari inaingia kwenye kompyuta kila siku. Inaangaliwa kwa ajili ya mwendo tu.

Ndani ya gereji, mwenye kampuni asiyesubiri kanuni anaweza kuanza na mambo madogo. Anunue seti moja ya ziada ya breki shuu kwa kila aina ya basi, zigongwe ribiti mchana na zibadilishwe usiku, na saa nne zitashuka hadi mbili na nusu bila hatua kuachwa. Fundi wa ukaguzi alipwe kwa siku, si kwa kazi, ili kugundua tatizo kusimpunguzie kipato. Kila gurudumu lililofunguliwa liandikwe kwenye kadi anayobeba dereva: tarehe, kilomita, mkazo, jina la aliyekaza, na nafasi tupu ya sahihi ya pili. Nafasi hiyo ijazwe Chalinze, injini ikiwa imezimwa, kabla ya kondakta kuwaita abiria warudi ndani.